Njia ya Nyani: Kutoka Usangu hadi Picha za Ubongo

Ubaruku ni nchi ya mpunga. Ukiacha barabara kuu pale Igawa na kupita Rujewa, unaingia kwenye majaruba yanayokwenda hadi macho yachoke, yakinyweshwa kwa mifereji ya mto Mbarali. Shamba kubwa la Mbarali lilianzishwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, wakati uleule reli ya TAZARA ilipokuwa ikikatiza bonde hili la Usangu. Mpunga unapokomaa, watu huamia kwelea kwelea tangu alfajiri. Kwenye mahindi yaliyopakana na vichaka, mlinzi ana mgeni mwingine: nyani wa manjano, na nyuma yake tumbili mwenye uso mweusi. Kila mkulima atakuambia kwamba nyani humsoma mtu. Humwogopa mwanamume kuliko mwanamke, humdharau mtoto, na akimwona mlinzi amesinzia hushuka shambani kimyakimya.

Mnyama huyu anayefukuzwa kwa manati na mbwa ana historia ambayo wachache wa huku wamewahi kusimuliwa. Ndugu zake walichukuliwa Afrika Mashariki wakiwa hai, wakavushwa bahari, na nyani ndiye aliyelazwa kwanza ndani ya mashine pale wanasayansi walipotaka kuona, katika ubongo ulio hai, mahali zinaponasa kemikali zinazobeba hisia, usingizi, hamu na hofu. Nimeifuata njia hiyo kutoka Ubaruku, kwa barabara pale palipo na barabara, na kwa maandishi pale ardhi inapoishia.

Njia yenyewe haikuanzia kichwani. Ilianzia kwenye mishipa ya damu.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page walikuwa wakitafuta kitu kilichokuwa kikiwasumbua kila walipochunguza shinikizo la damu. Damu ikishaganda, majimaji yake yalikuwa na kitu kinachobana mishipa. Walikitenga, wakakiita serotonini. Huko Italia, Vittorio Erspamer alikuwa amekwisha kukiona kitu hichohicho kwenye utumbo tangu miaka ya 1930, akakipa jina lake. Hakuna kati yao aliyekuwa akifikiria akili. Aliyefungua mlango huo ni mwanamke kijana, Betty Twarog, aliyeanza kwa kuchunguza misuli ya kome wa baharini. Alimwendea Page akitaka kutafuta serotonini ndani ya ubongo wa mamalia, na mwaka 1953 wakatangaza kwamba imo.

Wakati huohuo mti wa Kiafrika ulikuwa ukiingia kwenye habari hii. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya CIBA mjini Basel walitenga reserpini kutoka kwenye mzizi wa mmea wa India, Rauvolfia serpentina, wakaifanya dawa ya kushusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili. Mahitaji yalipopanda, mizizi ya Rauvolfia vomitoria kutoka Kongo ikawa chanzo kikubwa cha dawa hiyo. Mti wa ukoo huohuo, Rauvolfia caffra, huota kandokando ya mito ya milimani Tanzania. Wachaga huuita msesewe na hutumia gome lake katika mbege. Mwaka 1955 Bernard Brodie na wenzake, katika taasisi za afya za taifa la Marekani, walionyesha kwamba reserpini huumalizia ubongo akiba yake ya serotonini. Madaktari wa miaka hiyo waliripoti pia kwamba baadhi ya wagonjwa wa shinikizo waliopewa dawa hiyo walizama katika huzuni nzito. Watafiti waliokuja baadaye wametilia shaka ukubwa wa jambo hilo, lakini wazo lilikuwa limekwisha kushika mizizi: kilichobana mishipa ya damu kilikuwa na kazi nyingine kichwani.

Nyani naye aliitwa kwa sababu ya mishipa ya damu.

Kutoka Ubaruku nilifuata njia ya mabasi: Makambako, Mafinga, Iringa, kisha mteremko wa Kitonga ambako nyani hukaa ukingoni wakiwatazama madereva wa malori wanaopanda kwa gia ndogo. Mikumi wamo pia, na hawa wana heshima ya pekee, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 watafiti wamewafuata mmoja mmoja, wakiandika nani kazaa na nani, nani kamsogelea nani. Chalinze nikageuka kaskazini, nikapita chini ya Usambara na Upare hadi Moshi, nikavuka mpaka Holili na kutokea Voi. Ukiishika barabara ya Nairobi kutoka hapo, baada ya Mtito Andei na kabla ya Kibwezi, kuna kituo kidogo cha reli ya zamani kiitwacho Darajani.

Ni nchi ya Wakamba, ya mibuyu na miiba na udongo mwekundu. Ukiangalia kwa jicho la msafiri, hakuna kitu cha kukusimamisha. Lakini hapa ndipo taasisi ya San Antonio, Texas, iliyoitwa Southwest Foundation for Research and Education, ilipoweka kambi ya kukamatia nyani. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba nyani wa Kenya wana alama za mafuta kwenye kuta za mishipa mikubwa ya damu, kama zinavyoanza kwa binadamu. Ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiua Wamarekani kwa wingi, na hapa palikuwa na mnyama mkubwa, shupavu, mwenye mwili unaofanana na wetu, aliyejaa kila kichaka na asiyeliliwa na mtu yeyote. Serikali ya kikoloni na wakulima walimhesabu kuwa mharibifu. Kumwondoa kulionekana kuwa ni kusaidia.

Mmoja wa waliofanya kazi Darajani mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni William Maples, kijana wa anthropolojia ambaye baadaye alipata umaarufu Marekani kwa kutambua mifupa ya waliouawa. Nyani waliingizwa kwenye vizimba kwa kutegewa mahindi. Wahenga walisema nyani mzee amekwepa mishale mingi, na naamini walioingia walikuwa wengi wao vijana na majike wenye njaa. Maples aliona jambo jingine lililomvutia kuliko biashara ya kukamata: ukanda huu ni mahali ambapo nyani wa manjano kutoka kusini, yule wa Usangu na Mikumi, hukutana na nyani anubis wa kaskazini, wakazaliana. Waliopelekwa Texas walikuwa na damu hizo mbili. Mwezi Novemba 1963 San Antonio iliandaa kongamano la kwanza la kimataifa juu ya nyani katika utafiti wa tiba, na kutokana na waliotoka Kenya likakuzwa kundi ambalo vizazi vyake vinaandikwa mama na baba hadi leo, katika taasisi ambayo sasa inaitwa Texas Biomedical Research Institute.

Nasema hili waziwazi kwa sababu sioni mahali pengine pa kulisema: nyani hao walikuwa na milima waliyoijua, na mpangilio wa kundi ambamo kila jike hurithi cheo cha mama yake. Kwenye ripoti za maabara wamebaki jina la kisayansi, uzito kwa kilo na kiasi cha dawa ya usingizi.

Biashara ya wanyama hai haikuwa ya Kenya tu. Uganda ilisafirisha tumbili kwenda Ulaya, kwa ajili ya seli za figo zao zilizotumika kutengeneza chanjo ya polio. Mwaka 1967 shehena ya tumbili hao ilifika Marburg, Frankfurt na Belgrade ikiwa na virusi ambavyo havikujulikana, na watu saba wakafa. Baada ya hapo maabara zilianza kuogopa kuagiza wanyama wa porini, na makundi yaliyozaliwa utumwani yakapanda thamani. Louis Leakey alikuwa amekwisha kuanzisha kituo chake cha utafiti wa jamii ya nyani Tigoni, nje ya Nairobi, mwaka 1960. Ndicho kilichozaa taasisi ya utafiti ya Kenya iliyoko sasa Karen.

Hapa barabara inaishia na njia inaendelea kwa maandishi.

Tatizo la watafiti wa ubongo lilikuwa hili. Serotonini hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli za neva. Kufikia mwaka 1979 Stephen Peroutka na Solomon Snyder walikuwa wameonyesha kwamba vipokezi hivyo si vya aina moja, lakini walifanya kazi kwenye tishu zilizosagwa. Ili ujue vipokezi vya mtu vimekaaje, ilibidi afe kwanza. Mgonjwa aliye hai, anayelia usiku bila sababu anayoijua, alikuwa na fuvu lililofungwa.

Jibu lilitoka kwa wazo la zamani la George de Hevesy, aliyeanza mwaka 1913 kutumia elementi zenye mnururisho kufuatilia njia za kemikali: ukimpa mjumbe taa, unaweza kumfuata gizani bila kubadilisha anakokwenda. Kwa ubongo, mjumbe ni molekuli inayopenda kipokezi fulani, na taa ni atomu ya kaboni-11 au florini-18 iliyotengenezwa kwenye mashine iitwayo saiklotroni. Atomu hiyo inapovunjika hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kutoa miale miwili ya gama inayokimbia pande mbili zinazokabiliana. Mduara wa vihisio uliozunguka kichwa huipokea miale hiyo kwa pamoja, na kompyuta huhesabu ilitoka wapi. Ndicho kipimo cha PET. Kiasi cha dawa ni kidogo mno, mikrogramu chache, kwa hiyo ubongo hausukumwi wala kutulizwa nacho, unatazamwa tu.

Kwa nini nyani? Ubongo wa panya una uzito wa gramu mbili hivi, na kamera za wakati huo hazikuweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya sentimita moja au karibu yake. Ubongo wa nyani una gramu 150 na zaidi, una mikunjo, una sehemu ya mbele iliyokua. Ndani yake kamera iliweza kuona tofauti ya mahali na mahali.

Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Henry Wagner na kundi lake walitumia metilispiperoni iliyowekwa kaboni-11. Walianza na nyani. Kisha, tarehe 25 Mei 1983, Wagner mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 56, alilala chini ya mashine na kuwa binadamu wa kwanza ambaye vipokezi vyake vya dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, vilipigwa picha. Makala yao katika jarida la Science mwaka huo yalihusu nyani na binadamu pamoja. Kwenye viini vya ndani vya ubongo molekuli hiyo ilishika vipokezi vya dopamini, lakini kwenye gamba la mbele ilishika vya serotonini, na mwaka 1984 Dean Wong na wenzake waliitumia kuonyesha kwamba vipokezi vya kemikali zote mbili hupungua kadiri umri unavyokwenda.

Mjumbe mwenye mabwana wawili hakutosha. Mwaka 1988, Orsay karibu na Paris, Jérôme Blin na wenzake walieleza setoperoni yenye florini-18, wakiijaribu kwenye ubongo wa nyani kwa ajili ya vipokezi vya serotonini vya aina ya pili. Ushahidi katika majaribio ya namna hii hupatikana kwa kuzuia. Mnyama hupigwa picha, kisha siku nyingine hupewa kwanza dawa isiyo na mnururisho inayojaza vipokezi hivyohivyo. Kama mwanga kwenye gamba la mbele unafifia hadi kulingana na ubongo mdogo wa kisogoni, ambako vipokezi hivyo ni haba, basi mjumbe alikuwa akienda mahali sahihi. Jaribio hili haliwezi kuanza kwa mtu. Ndiyo maana ripoti moja baada ya nyingine ina nyani kabla ya mgonjwa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii kilitokea kati ya London na Stockholm. Vipokezi vya aina ya 1A ndivyo vilivyohusishwa zaidi na huzuni na wasiwasi, na molekuli iitwayo WAY-100635 ilivipenda sana. Victor Pike wa Hammersmith, pamoja na Christer Halldin na Lars Farde wa Karolinska, walikuwa nayo ikiwa na kaboni-11 kwenye mkia wake mmoja. Picha zilikuwa na ukungu. Ini la kima na la binadamu liliikata molekuli vipande viwili, na kipande kilichobaki na mnururisho kilirudi kwenye ubongo kwa urahisi, kikachafua picha nzima. Hawakubadilisha dawa. Waliihamisha taa: wakaiweka kaboni-11 upande wa pili wa mahali panapokatwa, kwenye kabonili, ili kipande chenye mnururisho kiwe asidi isiyopenya ubongo kirahisi. Mwaka 1996 picha zikawa safi. Hipokampasi iling'aa, viini vya rafe ambako seli za serotonini zimejikusanya vikaonekana, na ubongo mdogo ukabaki mweusi. Atomu ileile, molekuli ileile, mahali tofauti. Wanyama wa Stockholm walikuwa kima wa Asia, lakini somo ni la njia yote: kosa la namna ile huonekana kwenye mwili wenye ini linalofanana na letu.

Na baada ya picha safi hakukuja jibu rahisi. Mwaka 1999 Wayne Drevets aliripoti kwamba wenye sonona walikuwa na vipokezi vya 1A vichache kuliko wenzao. Mwaka 2006 Ramin Parsey na kundi lake New York wakaripoti kinyume. Ubishi ulihusu hesabu, hasa kama ubongo mdogo unafaa kuwa kipimo cha kulinganishia. Mtu anayeambiwa leo kwamba huzuni ni upungufu wa serotonini tu anaambiwa kitu ambacho picha hizi hazijakithibitisha.

Kuna ukurasa mmoja ninaoona uzito kuuandika. Mwaka 1998 watafiti wa Johns Hopkins walichapisha habari ya nyani aliyepewa MDMA, dawa ya kulevya ya vilabu vya muziki, na kupigwa picha kabla na baada kwa zaidi ya mwaka mmoja. Visafirishi vya serotonini, protini zinazoirudisha ndani ya seli, vilipungua. Miezi mingi baadaye baadhi ya sehemu zilirudi na hata kuzidi, na gamba la ubongo likabaki na upungufu. Yule nyani alilala usingizi wa sindano mara kwa mara ili picha hizo zipatikane. Naamini kazi ile ilikuwa na faida, na naamini pia kwamba deni lake halijalipwa.

Maabara moja ilifika karibu zaidi na kile mkulima wa Ubaruku anachokijua. Los Angeles, Michael Raleigh na Michael McGuire walichunguza tumbili wa Karibea, kizazi cha waliovushwa kutoka Afrika Magharibi katika meli za enzi za utumwa, binamu wa hawa wanaokula mahindi yetu. Mwaka 1991 waliripoti kwamba dume kiongozi akiondolewa, yule aliyepewa triptofani au fluoksetini, vitu vinavyoongeza kazi ya serotonini, ndiye aliyeshika cheo. Hakushika kwa kupigana zaidi. Alianza kwa kuwa karibu na majike na kuchambua manyoya yao, na majike wakamuunga mkono. Robert Sapolsky, aliyeanza kuwafuata nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, aliona jambo linalofanana nalo kwenye homoni za msongo: cheo peke yake hakiamui hali ya mwili, kundi alilomo mnyama huamua pia. Nyani aliyelala peke yake mezani, chini ya dawa ya usingizi ya isoflureni, ni nyani aliyetolewa kwenye nusu ya habari yake.

San Antonio, wajukuu wa wale wa Darajani wameingia kwenye PET pia, hasa kwa uchunguzi wa kifafa kinachojitokeza chenyewe katika familia zao. Huku kwetu milango imefungwa polepole. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakisafirishwa nje.

Mashine zimekuja upande wa pili. Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilifungua kituo cha PET chenye saiklotroni mwaka 2018, na serikali ya Tanzania imewekeza katika huduma hiyohiyo katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kazi yake ni saratani, kwa glukosi yenye florini-18, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa sasa, wagonjwa wanasubiri. Nusu ya florini-18 hupotea kila baada ya dakika 110. Ikipakiwa Dar es Salaam kwenye basi la Mbeya, baada ya saa 12 imebaki kama asilimia moja. Kaboni-11, ambayo nusu yake hupotea kila dakika 20, isingefika hata Chalinze ikiwa na maana. Mgonjwa wa Mbarali anayehitaji kipimo hiki ndiye atakayepanda basi, na mwenye sonona hana sababu ya kulipanda bado, kwa kuwa vifuatilizi vya serotonini, yaani wajumbe wenye taa, havitengenezwi huku.

Vinaweza kutengenezwa. Saiklotroni ya Nairobi na taasisi ya jamii ya nyani ya Karen zimo katika jiji moja, kwa mwendo ambao kaboni-11 inaweza kuuvumilia siku isiyo na foleni. Siku kazi hiyo itakapoombewa kibali, ningependa karatasi ya kwanza ieleze mnyama ametoka kundi gani, bonde gani, na nani aliyemkamata, kabla ya kuandika uzito wake.